Kupima mvumo wa ampi kwa laptopu kama huna oskiloskopu

Kama una laptopu na huna hela ya oskiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, tundu la maiki linatosha kabisa kwa kazi za ampi (amplifaya) na redio, ilimradi ujue kwamba saundikadi nyingi zinachukua sampuli 44,100 kwa sekunde kwa hiyo juu ya kilohezi 20 huoni kitu, na DC, umeme usiobadilika kama wa betri, haionyeshi, hiyo pima na mita yako kama kawaida. Mi natumia saundikadi ya USB ya bei chee, hata ikiungua laptopu inabaki salama.

Hatua ya 1, probu. Ncha ya kupimia iingie kwenye kapasita ya 1µF 100V isiyo na plasi wala mainasi, kisha rezista ya 100k, kisha rezista ya 1k iende graundi. Sambamba na hiyo 1k weka dayodi mbili za 1N4148 moja ikitazama juu nyingine chini, signo, yaani umeme unaoupima, ikizidi kama volti 0.6 zinaikata. Kutoka hapo kwenye 1k toa waya upite kwenye kapasita ya 10µF, plasi yake upande wa maiki, maana tundu la maiki lenyewe linatoa volti kidogo na usipoizuia itazichokoza dayodi na wimbi litakuja limepinda.

Hatua ya 2, chomoa chaja ya laptopu. Na ile pawa saplai ya swichi, upande wa umeme wa ukutani usiguse kabisa, kuna volti 325 mule, probu hii sio ya huko jamani.

Hatua ya 3, weka programu, kwa Windows ipo Soundcard Scope ya Christian Zeitnitz, Linux kuna xoscope. Ingia setingi za maiki uzime busti, ile ya kuongeza nguvu ya maiki, na vile vya kupunguza kelele, ukiviacha vinakudanganya.

Hatua ya 4, pima transfoma ya 6V upande wa 6V, ili ujue urefu kwenye skrini ni volti ngapi. Tuseme mita inasoma 6.4, zidisha kwa 2.83 unapata volti 18.1 juu hadi chini, urefu unaouona kwenye skrini ndio hizo 18.1, andika pembeni.

Sasa ampi. Graundi kwa graundi, ncha kwenye plasi ya kapasita kubwa ya pawa saplai ya ampi, triga (inayolituliza wimbi kwenye skrini) weka auto, skrini nzima ionyeshe milisekunde 100, halafu ongeza sauti maana ampi ikiwa kimya vilima, ile migongo ya wimbi, havionekani vizuri. Hesabu vilima. Vikiwa 10 daraja la dayodi, zile nne zinazogeuza AC kuwa DC, ni zima, vikiwa 5 kuna dayodi imekata. Vikiwa 10 lakini virefu, inapanda ghafla inashuka taratibu, shuku kapasita: zima, toa chaji iliyobaki, unga mpya sambamba yenye volti zilezile au zaidi, washa tena. Vilima vikishuka, badilisha ya zamani. Visiposhuka na ampi bado inavuma, kaangalie graundi ya waya wa inputi.