Jinsi ya kuchagua tyubu ya losheni na krimu kwa joto letu la Mtwara

Habari zenu wapambanaji wenzangu. Mi natengeneza losheni na krimu hapa Mtwara, mafuta yangu makubwa ni nazi na ufuta wa huku huku kwetu, na kila wiki kuna dada ananiuliza anunue tyubu zipi. Wengi mnaanza na rangi na umbo, naomba muanze na kilichomo ndani.

Hatua ya 1: andika mchanganyiko wako kwenye karatasi
Una maji mengi au mafuta mengi? Umetia mafuta ya karafuu au mchaichai? Kuna vitamini C? Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na huku kwetu nyuzi 24 utazipata usiku kipindi cha kusi, kwahiyo krimu yenye nazi nyingi iliyosimama vizuri asubuhi, saa nane mchana inakuwa kama uji. Hiyo itafutie tyubu yenye tundu dogo, la sivyo mteja anaminya kidogo inamwagika mkono mzima.

Hatua ya 2: zijue tyubu zenyewe
Angalia kama kuna pembetatu yenye namba ya aina ya plastiki, kama haipo muulize muuzaji. 4 ni LDPE, laini, inaminyika vizuri. 2 ni HDPE, ngumu kidogo ila inazuia unyevu na mafuta zaidi. 5 ni PP, mara nyingi utaikuta kwenye kifuniko.

Sasa hiyo LDPE ndo imenitesa mimi. Nilijaza tyubu 60 za krimu ya ufuta yenye karafuu, zilikuwa nzuri jamani, wiki ya nne nikafungua boksi nazishika zinateleza, nje kuna utando wa mafuta na wala hazijavuja popote, mafuta yamepita kwenye plastiki yenyewe, wino wa lebo umevimba, jina la bidhaa ukipitisha kidole linafutika. Tatu zilikuwa na ufa mwembamba kama unywele pale begani chini ya kifuniko. Nilizitoa zote sokoni nikarudisha hela za watu. Mafuta ya harufu kama karafuu yanalainisha plastiki laini, na hewa nayo inapita humo polepole, ndo maana mafuta yanachacha mapema.

Kwa losheni ya kawaida ya maji isiyo na harufu kali, LDPE iliyochanganywa na HDPE inatosha kabisa, usijitie gharama bure.

Ukiwa na vitamini C au mafuta yanayochacha haraka, nenda kwenye alumini au zile za tabaka tabaka zenye alumini katikati, kama baadhi ya tyubu za dawa ya meno. Alumini ukiiminya inabaki imeminyika, hairudi kuvuta hewa ndani kama plastiki. Ila hakikisha ndani imepakwa rangi ya kinga, maana krimu yenye asidi ikigusana na alumini tupu inaila. Ubaya wake ikikunjwa kunjwa sana kwenye pochi inapasuka.

Hatua ya 3: jaribu kabla ya oda kubwa
Hapa msiruke. Chukua tyubu tano tano za kila aina, jaza krimu YAKO, sio maji, ziba, pima kila moja kwa mzani wa gramu uandike. Baadhi weka kivulini, zingine kwenye chumba cha bati ambako mchana panawaka, vifuniko viangalie chini juu ya karatasi nyeupe. Pima kila wiki kwa wiki nane. Tyubu ya gramu 100 ikipungua zaidi ya gramu 3 mi naikataa. Mwisho kata moja kwa mkasi, nusa, angalia rangi, alafu angusha nyingine kwenye sakafu ya simenti toka kiunoni.

Na boksi moja lipandishe basi liende Dar lirudi. Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya mzigo wangu ulikaa njiani kwenye joto, vifuniko vya kubonyeza vikafunguka vyenyewe, toka siku hiyo natumia vya kuzungusha.

Hatua ya 4: kuziba
Plastiki inazibwa kwa joto, alumini inakunjwa. Acha nafasi ya vidole viwili juu, na pale pa kuziba pasiguswe na krimu, mafuta kidogo tu yakibaki hapo plastiki haishiki.

Hatua ya 5: oda
Amua tyubu kabla ya kwenda kusajili bidhaa TBS (Shirika la Viwango Tanzania, toka 2019 vipodozi viko kwao). Mzigo ukifika usiamini kwamba ni ule ule wa sampuli, minya kadhaa, linganisha unene, na kila mzigo weka tyubu mbili zilizojazwa kwenye droo zikiwa na tarehe, mteja akipiga simu kulalamika unafungua yako unaangalia.