Kusoma utabiri wa kipupwe kabla ya kuleta vifaranga

Wiki jana nilikaa na jirani yangu hapa Uthiru, pembezoni mwa Nairobi. Alikuwa ameshalipia vifaranga mia moja, Julai ndiyo hii, na ameshika simu hajui aangalie wapi. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1. Fungua utabiri wa siku saba wa Idara ya Hali ya Hewa. Ule unaokuja na simu siutumii.

Hatua ya 2. Soma sehemu ya nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa. Nairobi iko humo, pamoja na Kiambu na Nyeri.

Hatua ya 3. Tazama joto la juu, si la chini. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza niliangalia usiku tu, nikaona nyuzi 12, nikasema ni kawaida. Kulipokucha nikatoa jiko la kuwapasha vifaranga joto, kama nilivyozoea Januari. Saa nane mchana nikakuta vifaranga wamerundikana kona moja. Wa chini walikuwa wamebanwa wakafa, miili bado ina joto.

Usiku wa Julai haupishani sana na wa Januari. Kinachobadilika ni mchana: Januari hufika 25 au 26, Julai ni kama 21, na siku ya mawingu mazito hata 18 haufiki. Upepo wa kusi hutoka kusini mwa dunia, ambako sasa ni majira ya baridi, ukaleta hewa baridi yenye unyevu. Ikipanda huku juu inakuwa mawingu ya chini yanayokaa kutwa. Usiku mawingu hayohayo hufunika joto lisitoroke, kwa hiyo nambari ya chini huonekana nzuri, nawe ukadanganyika.

Basi: joto la juu likiwa chini ya 20 na utabiri ukitaja mawingu asubuhi na alasiri, jiko lisitoke. Ukisema mawingu asubuhi kisha jua, punguza moto kuanzia saa saba, lakini toka kwanza ulione jua lenyewe. Ukisema anga safi usiku, ongeza makaa saa nne, maana alfajiri itauma. Na usichukue wastani wa nambari mbili, ya juu na ya chini. Wastani hauonyeshi saa ile ya kurundikana.

Hatua ya 4. Wiki ya kwanza bruda, yaani pale vifaranga wanapolelewa kwa joto, iwe nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama 3 kila wiki. Kipimajoto kining'inie usawa wa migongo yao. Mimi ni wa jiko la makaa, kwa sababu stima hupotea. Liwashe nje mpaka moshi uishe, ila moshi kuisha si gesi kuisha: kaboni monoksaidi haina harufu, na huua kifaranga na mfugaji. Ziba kwa magunia upande wa upepo, na upande wa pili acha wazi chini ya paa.

Hatua ya 5. Rudia kila jioni.

Kwa jirani, utabiri ulionyesha 18 na mawingu kutwa Jumanne hadi Alhamisi. Akampigia muuzaji, vifaranga wakaja Ijumaa. Jana saa nane nilipita kwake: walikuwa wametawanyika kwenye maranda, wengine wamelala ubavu, wengine wako kwenye chakula.