Mulika kwa ubavu uone jani kwenye jiwe

Mawe ya tope yanayoandamana na makaa ya mawe kule Kiwira, kusini-magharibi mwa Tanzania, huficha visukuku vya majani jua likiwa la utosi. Weka jiwe kivulini, laza tochi ya simu karibu iguse ukingo wake, kisha uzungushe taratibu. Mwanga wa ubavu hutupa vivuli kwenye miinuko midogo, na mishipa ya majani ya glosopterisi (mmea wa kale uliokwisha kutoweka), iliyosukwa kama wavu, hujitokeza. Piga picha na sarafu ya shilingi 200 kando, uandike tabaka la mwamba jiwe lilikotoka. Bila hilo thamani ya kisayansi hupotea. Jani lililobaki utando mweusi bapa halitaonekana hivi. Usililowanishe: likikauka hubanduka vipande. Amonaiti (wanyama wa kale wenye kombe la mzunguko) usiwatafute humo: walikuwa viumbe wa baharini, ilhali tope hili halikutua baharini. Wafuate mkoani Lindi.