Jinsi ya Kukikagua Kisimbuzi Kipya cha Filamu za Mtandaoni

Kisimbuzi kipya cha kutazamia filamu kwa intaneti hupendeza mara tu kinapowashwa, kwa sababu ukurasa wa mwanzo umepambwa kwa mabango makubwa yanayoteleza kwa ulaini na rangi zinazovutia. Hata hivyo, hakuna anayeutazama ukurasa wa mwanzo kwa saa mbili. Kinachotazamwa ni filamu. Ningemshauri kila aliyenunua kifaa cha namna hii asikisifu wala kukilaumu kabla ya kutazama nacho filamu nzima, na afanye hivyo ungali upo muda wa kukirudisha kwa muuzaji.

Anza na umeme. Visimbuzi vidogo, hasa vile vya umbo la kijiti vinavyochomekwa nyuma ya televisheni, hupata umeme kwa waya wa USB, na wengi huuchomeka waya huo kwenye tundu la USB la televisheni ili kupunguza nyaya. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, na mara nyingi kiasi hicho hakitoshi kifaa kinapofanya kazi nzito. Hapo ndipo kisimbuzi huzimika na kujiwasha chenyewe katikati ya filamu, na mwenye nacho akadhani ameuziwa kibovu. Tumia adapta iliyokuja nacho na uichomeke ukutani.

Tundu la HDMI, yaani la waya unaopeleka picha na sauti kwenye televisheni, nalo linahitaji kuchaguliwa, kwani katika televisheni nyingi matundu hayalingani uwezo. HDMI toleo la 1.4 hupitisha picha ya 4K, ile yenye nukta nyingi zaidi kuliko 1080p ya kawaida, kwa fremu (picha moja moja zinazofuatana) 30 tu kwa sekunde, ilhali HDMI 2.0 hufikia fremu 60. Aidha, filamu za 4K zinazolipiwa hudai ulinzi dhidi ya kunakiliwa uitwao HDCP 2.2 katika kila kifaa kilicho njiani, kiasi kwamba kikuza sauti (amplifaya) cha zamani kilichowekwa kati ya kisimbuzi na televisheni kinaweza kuishusha picha hadi 1080p au kuizuia kabisa. Soma kitabu cha maelekezo cha televisheni ujue ni tundu lipi lenye uwezo kamili, na uangalie kama uwezo huo unahitaji kuwashwa kwenye mipangilio, maana televisheni nyingi hutoka kiwandani ukiwa umezimwa. Kisha kiache kisimbuzi kipakue masasisho yake yote na kujiwasha upya kabla hujaanza kukihukumu, kwa kuwa kifaa kinachopakua chinichini huwa kizito.

Kuhusu mtandao, kasi iliyoandikwa kwenye mkataba wako wa intaneti si lazima iwe ndiyo inayofika nyuma ya televisheni. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na megabiti 15 kwa 4K, viwango ambavyo si vikubwa. Kinachosumbua zaidi ni mawimbi ya Wi-Fi yanayodhoofika. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayapenyi kuta vizuri, na ya gigahezi 2.4 hufika mbali ila husongwa na vifaa vya majirani. Kijiti kilichojificha nyuma ya televisheni huzibwa na bamba lake la chuma, na ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huweka kwenye boksi kipande kifupi cha waya wa HDMI cha kukitoa pembeni. Kitumie. Kama kisimbuzi kina tundu la waya wa mtandao, waya ni bora kuliko mawimbi, hata ukiwa wa megabiti 100 tu. Pima kasi jioni, wakati wenzako wa nyumbani nao wako mtandaoni. Anayelipia data kwa kipimo akumbuke kwamba saa moja ya 4K inaweza kula takriban gigabaiti 7, na achague ubora wa chini kwenye akaunti yake mapema.

Sasa fungua filamu, na hapa usiwe na haraka. Neno 4K lililoandikwa kwenye boksi linaeleza uwezo wa kifaa, wala halikuhakikishii kwamba huduma unayoilipia itakupa picha hiyo. Huduma nyingi hutegemea mfumo wa ulinzi wa Google uitwao Widevine, wenye ngazi kadhaa: kifaa chenye ngazi ya L1 huweza kupewa picha za ubora wa juu, na chenye L3 kwa kawaida huishia kwenye ubora wa kawaida, hata kama skrini yako ni ya gharama kubwa. Zaidi ya hayo, huduma nyingine huvikagua vifaa aina moja moja kabla ya kuviruhusu. Kwa hiyo jaribu kila huduma unayoilipia, moja baada ya nyingine, na ubonyeze kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya televisheni uone ni ubora gani unaopokelewa. Kama kisimbuzi kimewekwa kitoe 4K wakati wote, taarifa hiyo itasema 4K hata pale filamu yenyewe ni hafifu. Katika hali hiyo tazama nywele, nyuzi za nguo na majani ya miti, kwa maana vitu hivyo ndivyo vya kwanza kuvurugika.

Kisha isogeze filamu hadi mwishoni, majina ya waigizaji yanapopanda polepole kwenye skrini nyeusi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote. Filamu nyingi hurekodiwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na kisimbuzi kinachotoa fremu 60 bila kubadilika hulazimika kurudia fremu moja mara tatu na inayofuata mara mbili, hivyo majina hupanda kwa kusitasita badala ya kuteleza. Ukiona hivyo, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kulinganisha kasi ya fremu na kinachotazamwa, uiwashe, halafu urudie majina yaleyale. Sehemu hiyo mara nyingi huwa jirani na ile ya HDR (teknolojia inayoongeza upana wa mwanga na rangi), ambayo nayo ifuate filamu. HDR ikilazimishwa wakati wote, vipindi vya kawaida hupata rangi zisizo zake na nyuso hupoteza uhalisia.

Sauti haihitaji maneno mengi: tafuta mtu anayezungumza akiwa ametazama kamera, na kama midomo inatangulia au inachelewa, rekebisha muda wa sauti kwenye kisimbuzi au kwenye spika.

Rimoti ishikwe gizani na kila atakayeitumia, hasa mzee na mtoto. Simamisha filamu katikati, zima, washa tena, uone kama inaendelea ulipoishia na kama manukuu, yaani maandishi ya mazungumzo chini ya picha, yamebaki kwa ukubwa uliouchagua. Hesabu vitufe unavyobonyeza kutoka kuwasha hadi filamu kuendelea, kwa sababu safari hiyo utaifanya kila siku.

Usalama upewe uzito uleule, hasa kwa visimbuzi vya Android visivyo na jina linalojulikana. Mnamo Juni 2025, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa kihalifu uliotumia vifaa vya nyumbani, visimbuzi vikiwamo, ambavyo baadhi vilikuwa na programu hasidi hata kabla ya kununuliwa. Kisimbuzi kinachokutaka uzime Google Play Protect, yaani ulinzi wa Android unaokagua programu hasidi, au kinachoahidi filamu zote za kulipia bila malipo, kichomoe kabla hujaandika nenosiri lolote.

Ukiamua kukirudisha, kirejeshe kwanza kwenye hali ya kiwandani kupitia mipangilio. Kisha ingia kwenye akaunti ya kila huduma kwa simu au kompyuta, ukiondoe kisimbuzi hicho kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa sababu kukichomoa umeme peke yake hakukitoi kwenye akaunti yako.