Mama hawezi kunyonyesha: jinsi ya kumlisha kichanga kwa maziwa ya kopo na kikombe, hatua kwa hatua

Mtoto wa wifi yangu alizaliwa na kilo 3 kamili. Siku ya pili mama yake akaanzishiwa dawa nzito na daktari akasema kunyonyesha ndo basi, hata kwa kukamua hapana. Mimi ndo nikabaki na kichanga mkononi na kopo mezani. Nimezaa wawili na wote nimewanyonyesha mwenyewe, nikadhani watoto nawajua, kumbe kulisha kwa kopo ni elimu nyingine kabisa na hakuna aliyekuwa amenifundisha. Nayaandika haya kwa yeyote aliyeachiwa mtoto leo, awe mama, baba, shangazi au bibi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba kweli haiwezekani

Hapa watu wengi wanakimbilia dukani kabla ya kuuliza. Mtoto kushindwa kunyonya ni jambo moja, maziwa ya mama kutofaa ni jambo lingine. Njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati) asiye na nguvu ya kuvuta, mtoto mwenye mdomo sungura au kaakaa lililo wazi, mama aliyeko wodini, hao wote bado wanaweza kupata maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na hayo ndo chaguo la kwanza la WHO (Shirika la Afya Duniani). Chaguo linalofuata ni maziwa ya mama mwingine mwenye afya aliyepimwa, au ya benki ya maziwa kama ipo. Kopo linakuja baada ya hapo.

Mama mwenye virusi vya ukimwi naye asiambiwe na majirani kwamba haruhusiwi, mwongozo wa WHO wa 2016 unasema akiwa kwenye ARV (dawa za kufubaza virusi) na anazimeza vizuri anaweza kunyonyesha, na nchi nyingi zimechagua njia hiyo, kwa hiyo aulize kliniki yake. Wanaokatazwa kweli ni wachache: mama anayepewa dawa za saratani au iodini ya mionzi, mtoto mwenye galaktosemia (mwili wake hauwezi kuichakata sukari ya maziwa), na hali nyingine chache ambazo daktari ndo wa kuzitaja.

Kama ni kukamua, anza mapema, ndani ya masaa machache tu baada ya kujifungua, na siku za mwanzo tumia mkono usitumie pampu. Dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, ni kidogo na nzito, kwenye pampu inaishia kuganda kwenye mipira, lakini ukikamua kwa mkono unaidakia moja kwa moja kwenye kikombe. Kidole gumba juu, vidole vingine chini, sentimita 3 au 4 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu. Mara 8 mpaka 10 kwa siku, na usiku pia. Kama dawa ni za muda tu, endelea kukamua na kumwaga ili maziwa yasikauke, mtoto atarudi titini dawa zikiisha na daktari akiruhusu.

Hatua ya 2: Kopo

Chukua namba 1, la kuanzia kuzaliwa. Namba 2 ni la miezi 6 kwenda mbele, usimpe kichanga hata kama ndo lililopo. Angalia tarehe ya mwisho, angalia kopo halijabonyea. Mambo ya kopo la bei kubwa eti ndo linakuza akili mi siamini, makopo ya namba 1 yote yanatakiwa kufikia viwango vilevile vya lishe. Njiti na mtoto mgonjwa ni habari nyingine, kwao daktari ndo anachagua.

Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi hapana, yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za kichanga zinavyoweza na madini ya chuma hayatoshi. Maji ya sukari hapana. Asali hapana mpaka atimize mwaka, ina vijidudu vinavyoweza kumlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua.

Hatua ya 3: Vyombo

Vikombe vidogo viwili vyenye ukingo laini, chupa moja yenye alama za ml kwa ajili ya kupimia tu, koleo, sufuria yenye mfuniko. Osha kwa sabuni, suuza, chemsha ukiwa umefunika.

Mimi ni mtu wa kikombe, na sitabadilika. Chupa ina chuchu, ina mifereji, ina kona ambazo maziwa yanajificha na kuchacha, na saa 9 usiku ukiwa umechoka hutaisugua inavyotakiwa. Kikombe unakiona chote. Pia mtoto wa kikombe lazima ashikwe, huwezi kumwegeshea kwenye mto ukaondoka kama wanavyofanya na chupa, jambo ambalo linapalia watoto.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Hatua hii usiisome haraka, ndo iliyoniumiza.

Siku ya tano mtoto akaanza kulia dakika chache tu baada ya kula. Nikasema hajashiba, nikaongeza. Siku ya sita midomo mikavu, mkojo kidogo na wa njano iliyokolea, choo kigumu kama kokoto, na usiku kucha analia kile kilio cha kukwaruza. Nilibadilisha kopo. Nilimkanda tumbo. Nilikesha nikimbeba kuanzia saa 4 usiku mpaka alfajiri, asubuhi nikamkimbiza hospitali. Nesi wa zamu hakuniuliza maswali mengi, akanipa chupa, akaniambia, "Mama, hebu nichanganyie hapa nikuone." Nikatia unga vijiko viwili, nikamimina maji mpaka kwenye alama ya 60. Akanisimamisha hapohapo.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, nilianza na unga. Kopo langu linasema kijiko 1 kwa ml 30 za maji, yaani vijiko 2 kwa maji ya 60. Ukianza na unga, unga tayari umekalia nafasi, kwa hiyo mpaka ufike kwenye alama ya 60 maji yenyewe hayajafika 60. Ukifanya sawasawa, maji 60 kwanza halafu unga, mchanganyiko unapanda mpaka kama 66 hivi, na hivyo ndo inavyotakiwa, usishtuke ukapunguza. La pili, kijiko nilikuwa najaza kwa kushindilia na kuacha kichuguu juu. Kila mlo ulikuwa mzito kuliko inavyotakiwa, mtoto alikuwa na kiu na mimi kila akilia namuongezea kilekile kinachomtia kiu.

Nesi aliniambia kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Ukizidisha maji ili kopo likae siku nyingi, mtoto hapati chakula, na chumvi ya kwenye damu inaweza kushuka mpaka akapata degedege. Kwa hiyo hakuna kuongeza na hakuna kupunguza.

Sasa fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, futa meza.

2. Chemsha maji mapya, angalau lita 1, mpaka yatokote kabisa. Funika, yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30. Lengo ni uchanganye maji yakiwa bado na joto la nyuzi 70 (Selsiasi) au zaidi. Sababu yake ni kwamba unga wa kopo hauko tasa, hata ukiwa umefungwa kiwandani unaweza kuwa na vijidudu kama Cronobacter na salmonela, na maji ya moto ndo yanayoviua. Watu wanachemsha maji asubuhi, wanayaacha yapoe kabisa, wanachanganyia mchana kutwa wakiamini wako salama kwa sababu maji yalichemka. Maji yako salama, unga ndo bado. Lita 1 ina sababu pia, maji kidogo yanapoa haraka sana. Mi nilinunua kipimajoto cha jikoni na sijutii. Thamosi inafaa kwa usiku ila ipime kwanza, yangu baada ya masaa 5 ilikuwa imeshuka chini ya 70 na mimi nilikuwa naiamini mpaka asubuhi. Makopo mengine yameandikwa utumie maji ya vuguvugu, mi nashika 70 ya WHO, na kama kopo lako liko hivyo muulize nesi au daktari wa mtoto.

3. Mimina maji kwenye chupa ya kupimia, iweke mezani palipo sawa, inama mpaka macho yalingane na alama. Ukiishika hewani utadanganyika.

4. Chota unga kwa kijiko cha kopo hilohilo. Rudia kusoma: cha kopo hilohilo. Vijiko vinafanana kwa macho lakini kopo moja ni kijiko 1 kwa ml 30, lingine ni kwa ml 60, kwa hiyo kopo likiisha tupa na kijiko chake. Usishindilie. Sawazisha kwa mgongo wa kisu kisafi. Hesabu kwa sauti, na mtu akikusemesha katikati ukapoteza hesabu, mwaga uanze upya.

5. Funga, tikisa taratibu. Poza kwa kuizamisha chupa kwenye bakuli la maji ya baridi, maji yasifike kwenye mfuniko. Dondoshea ndani ya kiwiko cha mkono, usisikie joto wala baridi. Maikrowevu usiguse, inachemsha katikati wakati nje unaona poa.

6. Maziwa yaliyochanganywa yana masaa 2 tu, hesabu tangu ulipochanganya. Akibakiza, mwaga. Najua inauma kumwaga, mwaga. Ukitaka kuandaa ya baadaye, poza haraka uweke nyuma kabisa ya friji, siyo mlangoni, yasizidi masaa 24.

Tangu siku ile nilivyorekebisha, choo kililainika siku ya pili yake na kile kilio kikaisha.

Hatua ya 5: Kumlisha kwa kikombe

Awe macho. Mkalishe mapajani karibu wima, mkono wako mmoja umeshika mgongo na shingo, mikono yake ifunge na kitambaa asipige kikombe, kitambaa kingine kifuani maana siku za mwanzo yatamwagika. Kikombe kijae nusu. Kiegeshe taratibu juu ya mdomo wa chini, ukiinamishe mpaka maziwa yaguse midomo tu, halafu subiri. USIMIMINE. Atatoa ulimi na kulamba kama paka, mwenye nguvu zaidi atafyonza kwa kelele. Akipumzika, usiondoe kikombe, acha maziwa yawe hapohapo mdomoni, ataendelea mwenyewe. Akifunga mdomo na kugeuza uso, ameshiba. Mbebe begani mpaka abeue.

Mlo wa kwanza ulinichukua dakika 40, baada ya wiki tukawa tunamaliza kwa 15. Wifi yangu hakuwa na nguvu ya kumshika, basi nilimlaza mtoto kifuani kwake baada ya kila mlo, ngozi kwa ngozi, baadae alivyopata nafuu yeye ndo akashika kikombe. Mama mtu msimtoe kwenye kazi hii kwa sababu tu hanyonyeshi. Na matiti yake yatajaa hata kama maziwa hayatumiki, kama hatarudi kunyonyesha akamue kidogo tu ya kupunguza maumivu, aweke kitambaa cha baridi.

Hatua ya 6: Kiasi gani

Hesabu niliyopewa: siku ya 1 ni ml 60 kwa kila kilo kwa siku nzima, kila siku unaongeza 20 kwa kilo, mpaka ufike kama 150 kwa kilo. Gawa kwa milo 8, kila baada ya masaa 3. Wetu wa kilo 3: siku ya 1 ml 180 kwa siku, yaani 22 hivi kwa mlo, siku ya 2 ni 30, baada ya wiki kama 56. Ni makadirio, mlo huu atakula kidogo ule mwingine zaidi, wewe tazama jumla ya siku, iandike kwenye daftari. Usisubiri alie, akianza kupeleka mikono mdomoni na kugeuza kichwa akitafuta, andaa. Siku za mwanzo akilala zaidi ya masaa 3 mwamshe.

Hatua ya 7: Kujua kama inamtosha, na lini ukimbie

Kuanzia siku ya 5 au 6 alowanishe nepi angalau 6 kwa siku, mkojo uwe mweupe. Uzito kushuka siku za kwanza ni kawaida lakini usizidi asilimia 10, na siku ya 14 awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Mpeleke apimwe, usikadirie kwa kumbeba.

Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku: amekataa kula, joto 37.5 au zaidi, au mwili wa baridi usiopata joto hata akifunikwa, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea akivuta pumzi, degedege, amelegea hajisogezi mpaka aguswe, viganja au nyayo za njano, utosi umebonyea, anatapika kila kitu.

Ukienda, beba kopo lako, kijiko chake na chupa unayopimia. Mwombe nesi akuangalie ukichanganya mbele yake.