Meza ya Nyumbani ya Kupima Vifaa vya Kupozea Kompyuta kwa Maji

Anayenunua rejeta (inayotoa joto la maji hewani kwa msaada wa feni), pampu au bloku (kipande kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji) vya kupozea kompyuta kwa maji akiwa Kisumu hutegemea vipimo vya watu wa mbali, na mara nyingi vipimo hivyo havilingani na hali ya hapa. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru inakaribia mita 1,850. Kwa halijoto ile ile, hewa ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya nane, na ya Nakuru kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile hupitisha hewa yenye uzito mdogo, na rejeta huondoa joto pungufu. Ndiyo maana inafaa kujipimia mwenyewe, mahali utakapovitumia vifaa hivyo.

Msingi wa meza hii ni chanzo cha joto ambacho wati zake zinajulikana. Kompyuta yenyewe haifai, kwa sababu prosesa hujibadilishia mwendo kadiri inavyopata joto. Hita ya kuchemshia maji iliyochomekwa ukutani nayo haifai: stima ikishuka kwa asilimia 10, joto lake hushuka kwa asilimia 19, na zaidi ya hayo unakuwa umeweka volti 240 karibu na maji. Tumia pawasaplai ya kompyuta ya zamani, ambayo hushikilia volti 12 hata stima ikiyumba, mradi upande wake wa volti 12 uwe na uwezo wa ampea 20 au zaidi. Huwaka ukiunganisha waya wa kijani na mmoja wa mweusi. Kisha tafuta rizista mbili za waya zilizovikwa alumini, kila moja ya omu 1.5 na uwezo wa wati 100. Kwa volti 12 kila moja hupitisha ampea 8 na kutoa wati 96, hivyo mbili hutoa wati 192. Zifunge kwa skrubu chini ya sahani ya shaba nyekundu yenye unene wa milimita 10 au zaidi, ambayo fundi wa jua kali pale soko la Kibuye, Kisumu, anaweza kukukatia na kuitoboa, na bloku ikae juu yake kwa krimu ya kupitisha joto. Zungushia sahani sufi ya kioo ili joto lisitorokee hewani, na kila rizista uiwekee fyuzi ya joto inayokatika karibu na nyuzi 100, kwa kuwa maji yakikoma kupita, sahani hupata moto upesi mno.

Meza yenyewe inaweza kuwa ubao wa plaiwudi wa milimita 18. Panga umeme upande mmoja, ukiwa juu kidogo, na maji upande wa pili. Tangi liwe juu ya pampu, kwa sababu nyingi za pampu hizi hulainishwa na maji yanayopita ndani yake na huharibika zikizungushwa kavu. Baada ya pampu weka koki ya kupunguza mwendo wa maji. Vifaa vya kupozea kompyuta huwa na hesi (mizunguko ya skrubu) ya kipimo cha G1/4, ambayo ni ya jamii moja na ile ya mabomba ya nyumbani yanayouzwa hadwea, lakini viungo vyenye hesi inayopungua kuelekea ncha usivilazimishe kwenye bloku ya plastiki, kwani huipasua.

Kabla ya kumimina maji, jaza mfumo hewa hadi shinikizo la nusu baa kwa pampu ya baiskeli yenye geji, ufunge, na uangalie geji kwa nusu saa; ikishuka, kuna mahali panapovuja. Maji yawe yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwani asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Rejeta ya alumini usiichanganye na bloku ya shaba katika mzunguko mmoja, kwa maana alumini italiwa.

Sasa tufike kwenye vihisi joto, ambapo meza nyingi huharibikia. Kihisi cha DS18B20 ni cha bei nafuu na huunganishwa kwa urahisi na Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta kinachosoma vihisi), lakini kinaweza kukosea kwa nusu nyuzi. Maji yakipita kwa lita 4 kwa dakika, wati 192 huyapandisha joto kwa nyuzi 0.7 tu, hivyo kosa la nusu nyuzi humeza karibu kipimo chote. Weka vihisi vyote pamoja ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu iliyopondwa na maji safi kidogo, usubiri vitulie, uandike kila kimoja kimepotoka kiasi gani kutoka sifuri; kisha rudia kwa maji ya vuguvugu, ukivilinganisha vyenyewe kwa vyenyewe. Maji yanayochemka usiyachukue kuwa nyuzi 100, kwa sababu Kisumu huchemka karibu na nyuzi 96 na Nakuru karibu na 94.

Mwendo wa maji upime kwa kuyaelekeza kwenye ndoo, saa mkononi, kisha kuyapima kwa mizani ya jikoni: kilo moja ni lita moja. Ukiwa na mita ya kupima mwendo wa maji, isahihishe kwa njia hii kwanza.

Kabla ya kuamini jambo lolote, fanya jaribio la mizania, yaani kulinganisha joto lililoingia kwenye maji na umeme uliotumika. Punguza koki hadi lita 1 kwa dakika, washa joto, na usome vihisi viwili vilivyo kabla na baada ya bloku. Zidisha lita kwa dakika, tofauti ya nyuzi, na 70 (takriban wati zinazopandisha lita moja kwa dakika kwa nyuzi moja). Jibu linapaswa kukaribia wati ulizopata kwa kuzidisha volti na ampea kwenye rizista. Kwa wati 192 tofauti iwe kama nyuzi 2.7. Jibu likipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, joto linatoroka au kihisi kinadanganya, na matokeo ya baadaye hayatakuwa na thamani.

Mizania ikikubali, pima rejeta. Fungua koki, funga dirisha, kwa kuwa upepo wa ziwani wakati wa mchana husaidia feni bila kualikwa, na usubiri hadi maji yasibadilike kwa dakika 10. Toa halijoto ya hewa inayoingia kwenye rejeta kutoka ile ya maji, kisha ugawanye kwa wati. Badilisha kifaa kimoja tu kila mara. Tofauti ikiwa nyuzi 9.6 kwa wati 192, rejeta hiyo ina nyuzi 0.05 kwa kila wati. Kompyuta ya wati 300 ndani ya chumba cha nyuzi 30 itakuwa na maji ya nyuzi 45, nawe utaamua kama unaongeza feni au unatafuta rejeta kubwa zaidi.