Nyuki wameingia darini: namna ya kuwahamishia mzingani bila petroli

Wiki mbili zilizopita niliitwa Kihonda, hapa Morogoro, kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nyuki walikuwa wamejenga nyuma ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, juu kidogo ya dirisha la jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Mimi mwenyewe nimeshawazoea, tunaamkiana asubuhi. Ila mjukuu wangu wamemuuma kope, na kijana wa jirani anasema jioni analeta petroli."

Petroli! Chini ya kenchi za mbao zilizokauka miaka ishirini, hatua tatu kutoka kwenye mtungi wa gesi. Nikamwambia kijana aiweke kwenye bodaboda yake. Na dawa ya kupulizia nayo sina hamu nayo. Nyuki watakufa, ndiyo, lakini asali na majana, yaani masega yenye watoto wa nyuki, vinabaki juu. Baada ya siku chache vinaoza, asali inayeyuka na kushuka kwenye jipsamu, sisimizi wanajaa, na nyuki wa mizinga ya watu wengine wanakuja kuiba asali yenye sumu na kuipeleka kwao.

Kazi yenyewe inafanyika hivi.

Hatua ya 1: Mjue mdudu

Nusu ya simu ninazopigiwa si za nyuki wa asali. Ukiona dude jeusi nene linalonguruma kama pikipiki, linaingia kwenye tundu la duara kwenye boriti na chini yake kuna unga wa mbao, huyo ni nyuki anayetoboa mbao. Haishi kwa kundi kubwa, dume lake halina mwiba kabisa, na jike huuma ukimshika tu. Mwache amalize uzazi, halafu ziba tundu kwa kijiti na gundi, upake rangi. Mbao iliyopakwa rangi hawaipendi. Mwenye shamba la pasheni asimguse hata kidogo, maana ndiye anayemchavushia maua.

Ukiona kimrija cha nta kimechomoza ukutani na vidudu vidogo kama mbu vinaingia na kutoka, hao ni nyuki wasiouma. Waache. Nyigu nao hujenga vyumba kama karatasi, bila asali, na hawahusiki na mwongozo huu.

Mdogo wangu aliyeko Leicester, Uingereza, alinitumia picha ya nyuki wanene wenye manyoya, wamejaa kwenye kisanduku cha ndege nyuma ya nyumba yake, anauliza aje na mzinga wa aina gani. Hao huku kwetu hatunao. Kundi lao hufa lenyewe kabla ya baridi kali, wakabaki malkia wachanga tu ambao hujificha mahali pengine. Nikamwambia apishe njia yao hadi Oktoba, mzinga wa nini?

Hatua ya 2: Wamehamia, au wanapumzika?

Kundi lililoning'inia kwenye mwembe kama shada, bila masega, liko safarini. Kwa kawaida huondoka lenyewe ndani ya siku moja hadi tatu. Wakipita tundu moja mfululizo, na miguu ya nyuma imebeba chavua ya njano, basi wana watoto ndani. Hao hawaondoki kwa kuombwa.

Hatua ya 3: Vifaa

Ovaroli, kofia ya wavu, buti, glovu. Bomba la moshi. Kisu kirefu, ndoo mbili zenye mifuniko, unyoya wa bata, rola ya plastiki ya nywele kutoka saluni (utaona kazi yake), vipande vya khanga iliyochakaa vyenye upana wa vidole viwili, na mzinga wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyolala juu ya mzinga na nyuki hujenga masega chini yake, vyenye upana wa milimita 32. Kipimo hicho usikipuuze. Fundi akikutengenezea viunzi vipana, nyuki wetu watajenga masega yanayovuka kiunzi kimoja hadi kingine, na hutafungua mzinga huo bila kuyararua.

Kama umewahi kuvimba midomo, kukosa pumzi au kuzimia kwa kuumwa na nyuki, kazi hii si yako, hata kwa ovaroli mbili. Muone afisa nyuki wa wilaya. Nyuki wakishachafuka na watu wako hatarini, piga 114, Zimamoto.

Hatua ya 4: Saa

Anza jua linapozama. Wote wako nyumbani, na gizani hutambaa zaidi kuliko kuruka. Funga tochi kwa karatasi laini nyekundu, kwa kuwa nyekundu hawaioni vizuri. Taa nyeupe kichwani utawaita wote usoni. Kabla ya hapo pitia majirani, ingiza mbuzi na kuku, mbwa asiachwe kwenye mnyororo, zima umeme kwenye meni swichi, na uwe na mtu wa kushika ngazi.

Hatua ya 5: Moshi

Magunzi, makumbi ya nazi au mavi makavu ya ng'ombe. Si mpira, si plastiki, si matambara yenye mafuta. Pulizia kwanza nyuma ya mkono wako: ukihisi joto, ongeza majani mabichi juu ya moto. Moshi mara tatu mlangoni, subiri dakika mbili. Nyuki hukimbilia kunywa asali, na harufu yao ya hatari inafunikwa. Harufu hiyo utaijua siku ukiumwa, inafanana na ndizi iliyoiva sana. Ukiisikia, kwangua mwiba kwa ukucha mara moja na upulize moshi palepale, kwa kuwa wenzake wanaifuata.

Hatua ya 6: Fungua bodi

Anza upande ulio mbali na tundu lao. Taratibu.

Hatua ya 7: Masega na malkia

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Mwaka 2017, nyumba moja huko Mikese, niliamini kazi ni kukata masega na kuyajaza mzingani, basi. Nikayaingiza yote, ya asali na ya majana, nikayafunga kwa uzi wa nailoni, nikapuliza moshi kama natibu mbu. Saa nne nilidhani nimemaliza. Saa tano nikachungulia: uzi umekata masega kama waya unavyokata sabuni, yameanguka yamelaliana, asali inachuruzika mlangoni. Saa sita nyuki wakaanza kutoka kwa mstari, wakapanda ukuta, wakarudi kujikusanya chini ya bati palepale nilipowatoa. Malkia hakuwahi kuingia mzingani. Moshi wangu ulimkimbiza juu tangu mwanzo. Kisha siafu wakafuata asali. Niliondoka saa tisa za usiku, na asubuhi mzinga ulikuwa mtupu.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, na sikubali njia ya mkato.

Asali kwanza. Masega ya asali mara nyingi yako juu na pembeni, na vifuniko vyake ni vyeupe vyeupe. Kata, pangusa nyuki kwa unyoya, tia ndooni, funika hapohapo. Hakuna sega la asali linaloingia mzingani usiku huo, hata moja, hata mwenye nyumba akisema "waachieni kidogo wale". Sega la asali ni zito na jipya huvunjika, na harufu yake ni tarumbeta kwa siafu.

Majana ni mengine. Vifuniko vyake ni vya kahawia, vimekauka kama uso wa biskuti, na vile visivyofunikwa vina vifunza vyeupe vilivyojikunja. Haya ndiyo nanga. Nyuki wataacha asali, lakini majana hai huwashika. Kata kila sega juu kwa mstari ulionyooka, fupi kidogo kuliko kina cha mzinga, bana kichwa chake kwenye kiunzi, kisha lipitishie vipande viwili vya khanga kwa chini kama unavyombeba mtoto, ufunge juu ya kiunzi. Khanga haikati. Baada ya siku chache watakuwa wameligandisha kwa nta, na kitambaa watakitafuna wenyewe na kukitupa nje kama vumbi.

Usiligeuze juu chini. Vyumba vya sega vimeinama kidogo kuelekea ndani ili asali isimwagike. Ukipindua, umewapa nyumba inayovuja. Mimi huchora mshale kwa kalamu kwenye kiunzi kabla ya kushika kisu. Pia panga masega kwa mfuatano uleule wa darini.

Malkia sasa. Ana tumbo refu, na mbawa zake zinafika katikati tu ya tumbo. Haruki ovyo, anatembea, na wafanyakazi wanamgeuzia nyuso. Mtafute kwenye majana, si kwenye asali. Usipulize moshi kwenye masega ya majana kabisa, au ukilazimika, pumzi moja ndogo. Ukimwona, msukumie kwa unyoya ndani ya rola ya nywele, ziba ncha mbili kwa vijiti, uitundike kati ya masega mawili ya majana. Wafanyakazi watamlisha kupitia vitundu. Hawatoki bila yeye. Baada ya siku tatu mfungulie.

Usipomwona, usihangaike. Tazama nyuki wanakusanyika wapi baada ya masega kuisha. Kihonda walijikunja kama ngumi kwenye kona ya kenchi. Niliwachota kwa bakuli la plastiki, nikawamwaga mzingani kwa pigo moja, nikafunika. Kisha nikashuka ngazi, nikakaa na kikombe cha chai ya mama, nikiangalia mlango wa mzinga kwa tochi nyekundu. Baada ya robo saa wakajipanga mlangoni, matako juu, mbawa zinapepea. Hapo wanawaita wenzao kwa harufu: malkia yumo. Wasipofanya hivyo, na kundi jipya likaanza kuota kwenye kona, chukua bakuli urudi ngazini.

Hatua ya 8: Acha mzinga palepale

Uning'inize kwa waya uliopakwa grisi, mlango karibu na tundu la zamani, siku tatu. Halafu usiku ziba mlango kwa wavu na uuhamishe zaidi ya kilomita tatu. Ukiusogeza mita hamsini tu, wanaotoka kuchuma watarudi darini wakitafuta kwao.

Hatua ya 9: Ziba

Hatua hii watu huiona ya bure, kisha mwakani wananipigia simu. Kwangua nta yote kwenye kenchi, osha kwa maji ya moto na sabuni, acha ikauke, paka rangi. Harufu ya nta ya zamani huita kundi lingine. Tundu la kuingiza penseli linawatosha, kwa hiyo wavu wa kuku hausaidii, weka wavu wa mbu wa dirishani, mara mbili, kisha rudisha fisha bodi na ujaze nyufa kwa silikoni.

Mama wa Kihonda alipata ndoo moja karibu ijae. Alichuja asali kwa khanga nyingine, akanifungia chupa mbili, na ya tatu akamwita kijana wa petroli aje aichukue mwenyewe.